Barua kwa mdogo wangu wa Walukuba: filamu za Jumamosi na ubishi wako na Mjomba

Linköping, Uswidi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba na Mama, kwa Jaja, na kwa majirani wote wa Walukuba wanaoniulizia. Mimi huku ni mzima. Baridi imeanza kuuma, lakini kazi inaendelea na afya ninayo. Pesa ya karo ya mtoto wa Shangazi nimeshaituma kwa simu, mwambie Mama aangalie.

Barua yako imenifurahisha sana. Mwenye kibanda cha video kukuachia uchague filamu za Jumamosi likizo nzima, na vijana kukutaka uwe jaji wa mashindano yao ya muziki, hiyo ni dhamana, na naona umeichukulia kwa uzito. Umeniuliza filamu ya mapigano ya kisayansi inapimwaje na muziki mzuri ni upi, ukaongeza kwamba Mjomba anasema muziki wa kompyuta si muziki. Nitajibu kwa urefu, maana mambo haya nayapenda na huku sina wa kubishana naye.

Kipimo cha kwanza unacho hapo hapo: umeme kukatika. Kibanda kimejaa, filamu iko katikati, giza linaingia ghafla. Usikimbilie jenereta. Kaa kidogo usikilize watu. Wakianza kubishana kwamba huyu atamsaliti mwenzake, kwamba yule hana pa kutokea, kwamba ile silaha haiwezi kufanya kazi pale, ujue filamu imewashika. Wakiinuka kwenda kutafuta chapati na hakuna anayeuliza kitu, basi kilichowaweka kwenye mabenchi kilikuwa mwanga na kishindo.

Filamu ya namna hii inakuomba ukubali jambo moja lisilowezekana. Ukishalikubali, yenyewe inakuwa na deni kwako: jambo hilo lazima lifuate sheria yake mpaka mwisho. Chukua ile Terminator ya pili ya James Cameron, ya mwaka 1991, ambayo najua mnayo kwenye flashi. Adui ni chuma cha maji kinachojigeuza. Mapema tu, ndani ya gari, mtoto anauliza mbona asijigeuze bomu akamaliza kazi. Anajibiwa kwamba hawezi kuwa mashine yenye kemikali na vitu vinavyozunguka ndani; anaweza kuwa kisu, anaweza kuwa mtu wa ukubwa wake. Kuanzia hapo mtazamaji anaujua uwezo wa adui na mpaka wake, na hofu inaingia katika vitu vya kawaida. Tazama tena pale hospitalini: mlinzi anachukua kahawa kwenye mashine, na sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe inainuka polepole nyuma ya mgongo wake, inakuwa mabega, inakuwa uso. Hakuna mlipuko hata mmoja, lakini kibanda kizima kitashika pumzi.

Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba picha za kompyuta katika filamu ile ni dakika kama tano tu kati ya zaidi ya saa mbili. Mengine ni vinyago, vipodozi na ufundi wa mikono. Mwishoni, pale adui anapojifanya mama wa mtoto, walimtumia pacha halisi wa mwigizaji Linda Hamilton. Ndiyo maana imezeeka vizuri. Ukimsikia mtu anasifu filamu kwa sababu ya kompyuta zilizotumika, muulize baada ya miaka ishirini itabaki nini.

Sheria peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu anayelipa. District 9 ya Neill Blomkamp, ya mwaka 2009, ilipigwa Afrika Kusini, sehemu kubwa huko Chiawelo, Soweto. Silaha za wageni waliotoka angani hazifyatuki kwa mkono wa binadamu. Karani mmoja anaanza kugeuka kuwa kama wao, kucha zinamtoka, mkono unabadilika, na mkono ule ule unaomtia hofu ndio unaoweza kufyatua. Kila anapojiokoa, anazidi kuupoteza mwili wake. Sijaona filamu nyingi za mapigano ambazo nguvu ya shujaa inamgharimu kiasi kile. Lakini hiyo uiweke usiku, watoto wakiwa wameshalala.

Kisha angalia kama unaweza kufuata. Kuna filamu za siku hizi kamera inatikisika, picha zinakatwakatwa, na hujui ngumi imetoka wapi wala imempata nani. Wanaita kasi, mimi naita uvivu. Kasi ya kweli ni ile ya Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya 2015, iliyopigwa zaidi katika jangwa la Namibia. Mhariri wake, Margaret Sixel, alipata Oscar kwa kazi ile. Picha zinabadilika haraka mno, lakini jambo muhimu limewekwa katikati ya kioo karibu kila mara, kwa hiyo jicho halihangaiki kulitafuta. Hata aliyekaa benchi la nyuma kabisa, kichwa cha mtu kikimziba nusu, anajua nani yuko juu ya lori lipi. Na lile lori la ngoma! Wapiga ngoma wamepangwa nyuma, mbele kuna mtu anapiga gitaa linalotoa moto. Moto ulikuwa wa kweli na gitaa lilikuwa linapigika. Muziki wa vita unatoka ndani ya vita vyenyewe, unaona unapotoka. Natamani ningekuwepo siku utakapoionyesha.

Sasa utakasirika. Black Panther ya 2018 naipenda kwa mengi. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, yumo, na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni wa Uganda, yumo pia. Pambano la kwenye nyumba ya kamari huko Korea ni safi kabisa: rangi za nguo zinakuonyesha nani ni nani, mkuki una uzito. Lakini pambano la mwisho kati ya mfalme na mpinzani wake, lile la kwenye njia ya treni chini ya ardhi, halina uzito wowote. Miili inaruka kama vile mifupa haimo ndani. Sababu ya ugomvi wao ni nzito kuliko mapigano yenyewe, na hilo linaniuma, kwa sababu wale wawili walistahili kushikana kwa mikono ya kweli.

Wala usipime kwa bei. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana amekuwa akitengeneza filamu za mapigano kwa bunduki za mbao na vyuma chakavu. Ile iliyomtangaza, Who Killed Captain Alex? ya 2010, bajeti yake inayotajwa haifiki dola 200. Helikopta zake unaona wazi kwamba ni picha za kompyuta za kubandika tu, na bado watu wa Marekani na Ulaya wamezitazama kwa mamilioni, kwa sababu kila anayeanguka anaanguka kwa moyo wake wote. Kibandani kwako unaweza kuweka moja ya hizo kabla ya filamu kubwa. Usiiweke baada yake.

Na wewe unayeshika maikrofoni na kutafsiri kwa Kiswahili, nikuombe kitu kimoja. VJ mzuri ni mpiga ala mmoja zaidi katika bendi, na mpiga ala anajua kunyamaza. Sakafu ile ya hospitali ikiinuka, nyamaza. Chombeza kabla, chombeza baada, pale katikati waachie watu.

Hapo ndipo muziki unapoingia. Mji huu ninaokaa ndipo alipozaliwa Ludwig Göransson, aliyetunga muziki wa Black Panther. Kabla ya kutunga alikwenda Senegal, akasafiri na Baaba Maal katika maonyesho yake, akasikiliza. Ile ngoma inayozungumza kila mfalme anapojitokeza ni tama, na anayeipiga ni Massamba Diop, Msenegali. Göransson alipata Oscar mwaka 2019. Kinachonifurahisha ni kwamba okestra yote kubwa inaipisha ile ngoma moja. Tama inasema, vinanda vinangoja, ndipo vinajibu.

Kupishana huku ndiko ninakokuita muziki mzuri, na sisi watu wa Busoga tumekuwa nako tangu zamani. Kumbuka embaire, ile marimba kubwa ya mbao ya kule kijijini kwa Jaja. Wanachimba shimo, wanalaza vigogo vya migomba kandokando, juu yake wanapanga mbao ndefu, nyingine urefu wa mtu mzima. Wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana. Wa kwanza anaanza na mpigo wake, na ukimsikiliza peke yake utaona ni kitu kidogo, hata cha kuchosha. Wa pili anatia pigo lake katika pengo la wa kwanza, si juu yake, katikati kabisa. Wakiingia wa tatu na wa nne, sikio linaanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Umezaliwa hewani kutokana na mikono yote. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikizunguka shimo nikitafuta ni nani anayeupiga wimbo ule wa juu.

Mwaustria mmoja, Gerhard Kubik, alikuja Kampala akafundishwa amadinda, marimba ya Waganda, na Evaristo Muyinda, fundi mkubwa wa muziki wa Buganda. Mwaka 1962 akachapisha maandishi kuhusu jambo hilo hilo: midundo inayosikika bila mtu mmoja kuipiga. Wazee wetu walikuwa wakiijenga kwa makusudi siku zote.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha jaji, usianze na sauti ya mwimbaji. Sikiliza mapengo. Je, besi inampisha mwimbaji, au wote wanasukumana mlangoni? Kundi ambalo kila mtu anataka asikike muda wote, kata alama, hata kama spika zao ndizo kubwa mtaani. Kisha rudi kwenye kipimo cha umeme: ukikatika, wimbo unabaki kwenye midomo na viganja vya watu, au umekufa pamoja na spika? Philly Lutaaya alirekodi Born in Africa huku huku Uswidi, mbali na nyumbani. Amefariki tangu Desemba 1989, miezi michache baada ya kujitokeza hadharani na kusema ana UKIMWI wakati hakuna mtu maarufu Uganda aliyethubutu. Lakini ikifika Desemba, nyimbo zake za Krismasi zinaimbwa na watoto ambao hata wazazi wao walikuwa wadogo alipokufa. Hawahitaji redio.

Kuna nyimbo za matangazo ya sabuni nazo zinabaki mdomoni, najua utaniambia hivyo. Ndiyo maana kipimo hiki usikitumie peke yake. Wimbo wa sabuni ukiurudia hausikii kipya. Embaire ukiisikiliza usiku kucha, alfajiri bado unagundua mlio ambao hukuusikia.

Sasa Mjomba. Mwambie kwa heshima, ukiwa umeshamtengea chai, kwamba namkubalia nusu. Anaposema vijana wengi wanabonyeza mdundo uliotengenezwa na mtu mwingine kisha wanapiga kelele juu yake, ana haki. Lakini mashine yenyewe haina kosa. Huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, ngoma yao ya larakaraka ilipigwa kwa vibuyu na spoku za baiskeli, kundi zima la watu, na kulikodi kundi zima kwa harusi ni gharama. Otim Alpha wa Gulu na mwenzake Leo Palayeng wakaitia midundo ile kwenye kompyuta. Sikiliza kwa makini: pengo la kibuyu bado lipo, kasi ya miguu ya wachezaji bado ipo. Na muziki wa ile Terminator ya kwanza, 1984, Brad Fiedel aliutunga kwa mashine, lakini ile sauti ya chuma inayogonga aliipata kwa kupiga kikaangio mbele ya maikrofoni. Mpangilio wa mapigo yake ni wa ajabu, kumi na tatu badala ya kumi na sita, unakwenda kama mtu anayechechemea huku anakufukuza. Mgongee Mjomba mdundo ule mezani kwa vidole, bila umeme wowote, halafu umuulize kama si muziki.

Akikataa, usishindane naye sana. Ndiye aliyetupeleka kwenye embaire sote.

Nina ombi. Mkienda kwa Jaja harusi ya mwezi ujao, nirekodie embaire. Simu usiiweke karibu na spika za MC, iweke chini katikati ya pande mbili za wapigaji, juu ya kitambaa ili isitetemeke, na uiache tangu mpigaji wa kwanza anapoanza peke yake. Usikate mwanzo ukidhani hauna kitu. Nitumie yote hata kama ni saa nzima, mtandao wa huku unabeba. Na uniandikie Jumamosi ilikwendaje, filamu gani uliweka kwanza, na umeme kama ulikatika, watu walisema nini.

Msalimie Mama, mwambie dawa za Baba nitazituma na jirani yetu anayekuja Desemba.

Ni mimi dada yako.