Kama programu ni za bure, mnatulipisha nini?

Juzi kati mteja mmoja kaandika kwenye grupu la wafanyabiashara kwamba sisi mafundi wa netiweki ni wajanja wajanja, tumemtoza laki na nusu kuja kuendesha programu ambayo mwanae kaidaunlodi bure akiwa amekaa kwenye kochi. Sio wa kwanza kulalamika hivyo, ila huyu kaongea mbele za watu, basi na sisi tunajibu mbele za watu.

Ni za bure kweli. iPerf3, Wireshark, Nmap, mtr, Zabbix, zote ni programu za kupimia na kuchunguzia netiweki, hakuna hata moja tuliyoinunua na hatujawahi kumdanganya mtu kwamba tumeinunua. Nmap ipo tangu 1997, Wireshark aliianzisha Gerald Combs ikatoka 1998 ikiitwa Ethereal, na mpaka leo unazichukua kwenye tovuti zao wenyewe bila kutoa senti. (Na uchukue huko huko jamani, kuna watu wanatafuta Wireshark iliyokirakiwa, sasa kitu cha bure unakikiraki cha nini, si unajiletea virusi kwa mikono yako?) Hela unayotupa sisi ni ya kujua pa kupimia na kusoma kilichoandikwa pale, basi.

Kuna ofisi moja ya kliaringi Kariakoo, walikuwa na kifurushi cha intaneti cha kasi ya Mbps (mega) 100, wakaona intaneti nzito wakapanda 200, nzito vile vile, kila wakipima kwenye kompyuta ya mhasibu inagota 94. Bosi keshagombana na mtoa huduma, keshanunua na rauta mpya. Sisi tulipofika intaneti hatukuigusa kabisa. Laptopu moja tukaichomeka kwenye rauta tukawasha iperf3 -s (iPerf3 inapima kasi kati ya mashine mbili, hii ya -s ndo inayosubiri), nyingine tukaiweka kwa mhasibu kwenye kebo ile ile anayotumia yeye, tukapiga iperf3 -c na IP ya ile ya kwanza, ikahesabu sekunde zake kumi: 94. Humo humo ndani, intaneti haihusiki, na bado 94! Fundi wa netiweki akiiona hiyo namba hana haja ya kuuliza, laini imeshuka kwenye mega 100, mana gigabiti, yaani mega 1000, ikiwa nzima inasoma 940 hivi. Alafu gigabiti inataka pea zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo, mega 100 inajiendea zake na pea mbili tu, ndo maana mtu anakaa mwaka mzima na kebo mbovu na intaneti "ipo". Tukafuata waya mpaka nyuma ya kabati la mafaili, tukaangalia kichwa cha RJ45 (kile cha plastiki mwisho wa kebo) kwa tochi: waya wa kahawia haujafika mbele, umeishia milimita kama tatu kabla ya pini. Aliyekrimpi, yaani aliyebana hicho kichwa, alikuwa na haraka. Tukakata, tukakrimpi upya, ikasoma 938.

Bosi akatuuliza, "Kumbe ni kidude hiki tu?" Ndio bosi, ni hicho, ila tofauti ya bei ya 100 na 200 ulikuwa unailipa kila mwezi kwa sababu ya kidude hicho, na ile rauta mpya haikuwa na kosa lolote.

Kwa wanaojipimia wenyewe, njia ya mkato inayotuumiza kichwa zaidi ni ya mtr. Inakuonyesha, mstari kwa mstari, kila rauta ambayo paketi zako (vipande vya data) zinapita na asilimia zinazopotea, kwa hiyo mtu akiona namba kubwa tu anapandisha presha. Mwenye gesti mmoja Tegeta aliona mstari wa tatu una upotevu wa asilimia 70, akavunja mkataba, akahamia kwa mwingine na gharama ya kufungiwa upya juu, na wageni wakaendelea kulalamika kama kawaida. Sasa sikiliza, rauta nyingi za watoa huduma zimesetiwa zisihangaike kujibu ping (ile "upo?" ya majaribio) za kila mtu, kazi yao ni kupitisha mizigo. Kama mstari wa tatu una 70 na wa mwisho una sifuri, hakuna kilichopotea. Upotevu wa kweli ukianza mahali unashuka nao mpaka mstari wa mwisho. Pale gesti tatizo lilikuwa aksesi pointi (vile vifaa vya kurusha Wi-Fi) zote zimewekwa chaneli moja, ya 6, zinapigiana kelele zenyewe kwa zenyewe.

Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtr ilikuwa inaonyesha wazi, ndani ya nchi safi, ukitoka nje tu paketi zinapotea mpaka mwisho. Simu zilikuwa haziishi, tukawaambia wateja kaeni msubiri, hatukumtoza mtu.

Zabbix, ile ya kuangalia netiweki usiku na mchana na kuchora grafu, ndo msiseme. Kuna shule ilimpa kijana aiweke kwenye kompyuta ya mapokezi, kijana kaiweka vizuri tu, ila dada wa mapokezi jioni anazima mashine anaenda zake kwao, na intaneti yao ilikuwa inakatika usiku. Grafu kila asubuhi zina shimo, hawajui ni netiweki imelala au ni dada kalala. Mashine ya kuangalia wenzake haizimwi, na iwe na yupiesi, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Ukitaka kujipimia mwenyewe, pima, hatukatazi. Chomeka kebo, Wi-Fi zima, andika na saa uliyopima. Nmap, inayoskani vifaa vilivyopo kwenye netiweki, iishie kwenye netiweki yako, ya jirani usiiskani, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na haina utani.

Ile laki na nusu ni ya kupima na kuandika ripoti. Kebo na vichwa vinahesabiwa pembeni, nje ya Dar nauli ni yako. Tukikuta tatizo liko kwa mtoa huduma, ripoti yenye namba zote utapewa ukambane nayo, na hapo hatuongezi hata mia.