Miche ya mbambakofi iko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mimi ni fundi wa nyumba hapa Gede, Kaunti ya Kilifi, na msitu wa Arabuko-Sokoke naujua kwa unene wa miti yake, kuanzia mwembamba hadi mnene: huu ufito, huu pau, ule boriti, ule nguzo.

Tangu serikali itangaze mwaka wa 2022 kwamba tutapanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, kila hafla huku kwetu humalizikia kwenye idadi, makofi na picha. Ni miche ya miti gani, hakuna anayeuliza. Katika hafla moja niliyohudhuria, lori lilishusha mivinje na mikilifi (miarobaini). Na mvinje sina ugomvi nao. Boriti ninazojengea siku hizi ni zake, za kutoka mashambani, na zisingekuwepo shoka lingehamia msituni. Ila mvinje ni mti wa shamba, si wa msitu huu.

Msitu una mpangilio wake. Upande wa mashariki, kwenye mvua nyingi, mbambakofi na mtandarusi imetangulia juu, mgurure unafuata, na chini kabisa ni mtapo na vichaka. Kwenye mchanga mweupe utakuta mrihi, ule unaochipua majani mekundu. Ukizidi kwenda magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni mifunda mifupi iliyosongamana, makao ya yule bundi mdogo wa Sokoke.

Sasa ingia chini ya mbambakofi mzima, uiname. Maganda yake mazito yamepasuka, na ndani mna zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watu hutungia shanga. Nilipoinama mimi, mbegu zilikuwepo. Mche sikuuona, wala mbambakofi wa unene wa pau au boriti. Kulijaa vichaka na miti mifupi iliyokwisha kukomaa.

Hapo ndipo hesabu inapotuchezea. Miti midogo ya chini ni ya namna mbili: kuna inayongoja mwanga ili ipande juu, na kuna ambayo hata ikizeeka haipiti hapo ilipo. Mtapo hauwi mbambakofi. Ukiihesabu yote pamoja utaandika kwamba msitu umejaa vijana, kumbe warithi wa miti ya juu hawamo.

Wanaokata kwa siri huchukua unene ule ule unaouzika, yaani boriti. Muhuhu nao, mti wa mbao ngumu, ulipunguzwa sana na biashara ya vinyago, na ni mti unaokua polepole mno. Wapo watakaosema ni ndovu wanaoimaliza miti hii. Ndovu huvunja, kweli, lakini hachagui boriti iliyonyooka.

Ombi langu: wanaopanda watangaze miche kwa aina zake, na ndani ya msitu ipandwe mbambakofi, muhuhu na mgurure iliyooteshwa kwa mbegu za msitu huu huu. Wanaopima nao watuambie, kwa kila aina, ni mingapi ya ufito, mingapi ya boriti, mingapi ya nguzo. Mivinje watuletee sisi mashambani. Na bei ya mche wa mbambakofi iwe juu ya ule wa mvinje, maana unachelewa kitaluni. La sivyo wenye vitalu wataendelea kuotesha mvinje tu.

Fundi wa nyumba,
Gede, Kilifi