Mjomba, wavuvi si damu nyingine

Mjomba, shikamoo.

Kwenye kikao cha familia ulikataa kwenda kumposea kijana wetu kwa sababu anavua dagaa, ukasema damu ya wavuvi haikai na hela. Mbele ya wazee sikuweza kukujibu. Nakujibu hapa hadharani, maana maneno hayo nayasikia kuanzia Magu hadi Ukerewe, na yanawaumiza watu.

Huyu ni Msukuma kama wewe, amekulia Kwimba akichunga ng'ombe. Kilichobadilika ni kazi. Dagaa huvuliwa gizani: taa inaelea majini, dagaa wanaifuata, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikija taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika, watu wanagawana. Mwenye mtumbwi anakata gharama na kuchukua fungu lake, vijana wanapata kilichobaki. Hapo ana hela mfukoni, hana kazi kwa siku kadhaa, wala hajui giza lijalo litampa nini. Na samaki usiyemvua leo huwezi kumwekea alama ukamkuta kesho. Ng'ombe usiyemuuza leo, kesho yupo zizini, pengine na ndama. Subira unayoisifu, mjomba, ng'ombe ndio waliokufundisha.

Hata ukali wetu una chanzo. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Mali yenye miguu huondoka yote usiku mmoja, kwa hiyo mfugaji hujifunza kumkabili mtu usoni. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alilinganisha wafugaji na wakulima ndani ya makabila manne ya Afrika Mashariki: Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Katika kila kabila ni watu wa damu moja, lakini wafugaji walitoa hasira zao wazi zaidi, na wakulima waliziweka moyoni wakatiliana shaka. Mkulima atamhamaje jirani aliyepakana naye shamba?

Kama bado unabisha, twende soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukawaone akina mama wa dagaa. Mama anachukua dagaa mmoja, anamkunja. Akipinda, mzigo unarudi juani. Akikatika, gunia linafungwa na kungoja bei ipande. Mali yake inakaa, naye ana mipango ya miezi. Wengi wao wako kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, na hawakosi siku ya kuweka hisa. Hao ni dada na wake wa wavuvi walewale unaowasema!

Kwa hiyo sikuombi umhubirie kijana kuhusu akiba. Nimezungumza naye, na yuko tayari fungu lake la giza hili anunue ndama, amweke kwako. Mpokelee, mtengee nafasi zizini. Kisha utuongoze kwenye posa. Wazee wa upande wa binti wamekubali tuje mbalamwezi ijayo, na wameuliza kama mjomba mtu atakuwepo.