Kwa Zaituni, kuhusu habari zinazokunyima usingizi

Mbale

Dada Zaituni mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, watoto wamefungua shule, na mvua imeanza.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema ukishika simu usiku unakuta mafuriko, moto wa misitu, barafu inayoyeyuka, na usingizi unaruka. Shemeji anakuambia uache kuitazama simu. Mimi sitakuambia hivyo, maana hofu yako ina msingi. Mtu aliyeuona Mto Nyamwamba wa huko kwenu Kasese ukifurika Mei 2013, kisha tena Mei 2020 ukaivamia hospitali ya Kilembe, hawezi kuambiwa anajitisha bure. Na barafu ya milima ya Rwenzori, ambayo wazee wa Kikonzo huiheshimu kuwa makao ya mungu wao Kitasamba, imepungua kweli: iliyobaki haifiki sehemu moja ya kumi ya ile iliyokuwapo mwaka 1906.

Kinachoniuma ni mlango zinakopitia habari hizi. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, wengi tumehamia WhatsApp, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12, kwa hiyo mtu hafungui gazeti, anatazama alichotumiwa. Maporomoko ya ardhi ya huku kwetu Bulambuli yalipotokea, Novemba 2024, video moja ilinijia kutoka kila grupu. Mlima unashuka, nyumba zinakunjika, watu wanapiga mayowe. Niliitazama polepole. Nyumba zilikuwa za ghorofa, zimebanana kwenye mteremko, nyaya za umeme zimetanda juu yake, na waliokuwa wakilia hawakulia kwa Kigisu, wala Kiganda, wala Kiswahili. Haikuwa Bulambuli. Na wakati huohuo Bulambuli yenyewe kulikuwa na watu wanaochimba tope kwa majembe na mikono wakitafuta jamaa zao. Wao hawakuhitaji msiba wa kuazima. Jambo hilo lilinikasirisha, na hadi leo linanikasirisha.

Video ya namna hiyo inakutia hofu halafu inakuacha papo hapo. Haisemi ni wapi, ni lini, wala ufanye nini. Shangazi yangu, anayelima kahawa kule juu Bududa, hana simu ya kutazamia video. Ana redio, imetundikwa kwenye msumari karibu na jiko. Utabiri wa msimu unapotolewa na watu wa hali ya hewa, husomwa kwa Kigisu: Machi hadi Mei mvua itakuwa juu ya wastani, au ya kawaida, au chini yake. Ukisema juu ya wastani, kila ikinyesha usiku yeye huamka mapema akakagua mteremko nyuma ya migomba. Je, ardhi imepasuka? Miti imeinama? Chemchemi imeanza kutoa maji ya tope? Akiona ufa mpya, watoto wanalala kwa dada yake bondeni siku hiyohiyo. Usidhani haogopi. Mwaka 2010, kijiji cha Nametsi kilipofukiwa na maporomoko, alipoteza watu wake. Anaogopa sana, ila hofu yake ina kazi ya kufanya asubuhi.

Nakutakia hofu ya namna hiyo, dada. Mtafute mtu wa kuaminika anayeishi juu ya mto, upande wa Kilembe, akubali kukupigia maji yakianza kupanda usiku. Huku watu wa mlimani huwapigia wa bondeni. Ukishampata, namba yake iache iite saa yoyote, na yale magrupu yazime sauti baada ya isha. Mtu akikutumia video, muulize ni ya wapi na nani aliipiga. Asipojua, usiisambaze.

Halafu niandikie redio za kwenu husoma utabiri kwa Kikonzo saa ngapi. Mwanangu wa pili anakuja Kasese kufundisha muhula ujao, atapanga chumba karibu na mto, nami nataka ajue mapema.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Hadija