Barua ya wazi kwa wavuvi na waanika dagaa wa mialo ya Mwanza

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe, mwangaluka.

Barua hii ni yenu mnaosukuma mitumbwi kwenye Ziwa Victoria jioni wakati wa giza na kurudi alfajiri na dagaa, na ni yenu kina mama mnaowapokea dagaa hao na kuwaanika. Mialoni, huko fukweni mnakoshushia samaki, kuna neno linalorudiwa sana: wazee walisema ziwa likipanda litashuka, basi tusihangaike. Ni kweli tulisema. Ila tulilisemea ziwa lililokuwa na kawaida yake. Leo nawaomba msitegemee kumbukumbu zetu peke yake. Lipimeni ziwa wenyewe, na mkipima muandike.

Kwanza mjue linavyojaa. Wengi hudhani linajazwa na mito: Kagera, Simiyu, Mara na mingineyo. Mito huchangia sehemu ndogo. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa kabisa ya yanayotoka hupaa kwa mvuke. Yaliyobaki hutokea Jinja, Uganda, kuingia mto Nile. Ziwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Ni sinia, si chungu. Sentimita moja ya maji juu ya sinia hilo ni mita za ujazo milioni 688. Kwa hiyo mvua ikizidi kidogo, au jua likizidi kidogo, hesabu yote inahama, na anayeiona mapema ni mwenye kibanda cha ufukweni.

Sasa hesabu hiyo inaguswa na joto. Kabla ya viwanda, hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420, na nyongeza hiyo imetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu. Hewa ukaa huzuia joto lisitoke. Kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo hunyonywa kwa wingi wakati wa kiangazi na kumwagwa kwa kishindo mvua ikija. Ndiyo sababu ukame na mafuriko vinaweza kuzidi kwa pamoja katika nchi moja, jambo ambalo wengi huliona kama mkanganyiko.

Hata hivyo msikubali mtu awaambie kwamba kila wimbi ni mabadiliko ya tabianchi. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kwa mvua kubwa, wakati dunia ilikuwa bado haijapata joto la leo. Mwaka 2006 lilishuka sana kwa ukame, na pia kwa sababu maji mengi kupita kiasi yaliachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Mwishoni mwa 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli zikapitiliza, na Mei 2020 kipimo cha Jinja, ambacho hakianzii sakafu ya ziwa, kikasoma mita 13.42, juu ya ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Wanasayansi waliochunguza kupanda huko walikadiria kwamba joto lililoletwa na binadamu liliongeza uwezekano wake karibu mara 1.8, na wakasema wazi kwamba kadirio hilo lina nafasi kubwa ya kukosea. Huo ndio uungwana wa sayansi. Tabia ya ziwa kupanda na kushuka ilikuwapo, joto linaitanua.

Baina ya 2006 na 2020 tofauti ya kina ilizidi mita 2 na nusu. Ishikeni namba hiyo mnapojenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ni sheria nzuri, lakini hupima kwa mlalo. Ufuko wa Mwanza mara nyingi umelala: kama ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50, basi aliyerudi nyuma mita 60 amepanda mita 1.2 tu. Ametii sheria, na maji yatamfikia. Pimeni kimo pia.

Kimo hupimwa kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 20. Ujazeni maji polepole hadi povu lote litoke, maana kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira kitawadanganya. Mmoja asimame kwenye alama ya juu kabisa ya maji ya miaka ya 2020 hadi 2024. Mtaikuta kwenye kuta zilizobaki na doa la tope, au kwenye mashina ya miti iliyokufa kwa kusimama majini. Mwingine asimame mahali pa kujenga. Mkihama na mpira, zibeni ncha zote mbili kwa kidole gumba. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, nanyi mtaona kiwanja kiko juu au chini kwa kiasi gani. Sakafu ya stoo ya dagaa, ya zahanati au ya choo iwe walau mita 1 juu ya alama hiyo, kwa sababu wimbi hupanda juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Kitako cha shimo la choo kiwe mita 1 na nusu juu ya maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 kutoka mnapoteka. Pasipowezekana, kijengeni juu ya msingi wa mawe, na kinachoingia kihamishwe. Kipindupindu hufuata vyoo vilivyozama.

Sasa niende kwenye jambo linaloniumiza zaidi, usiku wa ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujikusanya huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa, ziwa linabaki na joto, na pepo za nchi kavu huteremka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Zinapokutana hewa haina pa kwenda ila juu, na radi huzaliwa hapo, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Ndiyo saa mnayovua dagaa. Utafiti uliotazama mbele unaonyesha kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa letu zitaongezeka nguvu kadiri dunia inavyopata joto.

Fanyeni hesabu hii mkiwa nchi kavu, kwa sababu majini hakuna nafasi ya kuhesabu. Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawa kwa 3: hizo ni kilometa. Sekunde 30 ni kilometa 10. Dhoruba ikienda kilometa 40 kwa saa itakufikia kwa dakika 15, na mara nyingi upepo wake wa baridi hutangulia mvua. Mtumbwi wako wenye injini ndogo, ukiwa na mzigo, ukienda kilometa 12 kwa saa unahitaji dakika 50 kwa umbali huohuo. Maana yake ni kwamba anayengoja kusikia ngurumo amekwisha chelewa. Umeme huonekana usiku kutoka mbali sana. Ukiuona upande unakotoka upepo, hapohapo ndipo pa kuanza kuondoka. Kimya cha ghafla, kisha ubaridi usoni, ni onyo la mwisho.

Taa ziacheni. Zifungieni boya na mtazirudia asubuhi, taa hununuliwa. Nyavu zilale chini kabisa ya chombo, si juu ya mabenchi, kwa kuwa uzito wa juu ndio unaopindua. Ubao usiopungua sentimita 30 ubaki juu ya maji, na kama mzigo hauruhusu, dagaa wamwagwe. Injini ikizima, msiache mtumbwi ukae ubavu kwa wimbi: fungeni ndoo imara ya lita 20 kwa kamba ya mita 25 hivi, itupeni kutoka kichwani mwa chombo. Ndoo itajaa na kuvuta, na kichwa kitabaki kimeelekea upepo. Ikikatika, ni kwa sababu ilifungwa kwenye mshikio wa waya peke yake. Zungushieni kamba ndoo nzima. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe tangu ufukweni. Lililokaliwa kama mto wa kuketia halivaliki kwenye wimbi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa wenye upepo na mawimbi. Kila mwalo uwe na mtu mmoja wa kuupokea kila alasiri na kuuandika ubaoni kabla ya saa 11 jioni. Nanyi wenye vyombo, nawasihi kama mzazi: nahodha akirudi na taa zake bila dagaa kwa sababu aliona umeme, msimkate pesa za mafuta. Mkimkata mara moja, mara ya pili hatarudi mapema.

Kina mama, ninyi hasara yenu haina kelele, ndiyo maana haihesabiwi. Dagaa mbichi robo tatu ya uzito wao ni maji. Wakikauka vema hubaki na maji kama asilimia 12. Hii inatoa kipimo ambacho hakihitaji mashine: pimeni kilo 1 ya dagaa mbichi, ianikeni kwenye kichujio chake pembeni mwa wengine. Ikifika kati ya gramu 280 na 300, wote wamekauka. Ikiwa bado gramu 350, mkiwatia kwenye gunia wataota ukungu kabla hawajafika sokoni, hata kama kwa nje wanang'aa. Ukimkunja dagaa mkavu huvunjika kwa mlio. Akijikunja tu, bado.

Mchangani jua la muda wa saa 8 lilitosha pale msimu wa mvua ulipokuwa unajulikana. Sasa mvua inaweza kuja Juni, na mchanga ukilowa dagaa hunyonya maji kutoka chini na kushika mchanga usiotoka. Jengeni chanja: kimo cha mita 1, upana usiozidi mita 1 na robo ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, juu yake wavu wenye matundu madogo uliokazwa. Ukilegea, dagaa hukusanyika katikati na kuoza hapo. Tandazeni tabaka moja. Juu wekeni mti mmoja wa mgongo, wenye urefu wa chanja, ili karatasi la nailoni lilale kama paa na lisiwaguse dagaa. Ncha mbili ziachwe wazi. Kosa linaloharibu mzigo mwingi ni kuwafunika kabisa mvua ikija na kuwaacha hivyo: mvuke hunasa chini ya nailoni, hudondoka, na baada ya saa chache harufu inabadilika.

Wenye vizimba vya sato, kwenu nina machache. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi na hayachanganyiki na ya chini, nayo ya chini huishiwa oksijeni. Dhoruba ikiyapindua, samaki hufa kwa usiku mmoja. Mkiwaona alfajiri wanahema juu ya maji, msiwalishe asubuhi hiyo. Chakula huongeza hitaji la oksijeni. Punguzeni idadi kizimbani kabla ya majira ya dhoruba.

Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Kwa hiyo sitawaambia mjilaumu. Miti ya Magu na matete ya kingo za Simiyu yalindwe kwa faida yetu, maana yanazuia udongo na mbolea visilishe gugu maji. Lakini deni la joto ni la wengine. Mfuko wa kufidia hasara za tabianchi ulikubaliwa kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka uliofuata. Siku halmashauri itakapoandika maombi, itaulizwa mwalo wenu ulipoteza nini, lini, na maji yalifika wapi. Jibu la "tuliteseka sana" ni la kweli, na halitatosha.

Kwa hiyo tafuteni jabali moja lililosimama majini karibu na mwalo. Mwanza hatuna uhaba wa majabali. Nguzo ya mti huzama mchangani na kudanganya, jabali halizami. Pakeni alama za rangi ya mafuta kila sentimita 10, na namba kila nusu mita, kutoka chini ya maji ya sasa kadiri mkono unavyofika hadi mita 2 juu. Someni kila Jumatatu saa 1 asubuhi, kabla ya upepo wa mchana. Wimbi likiwapo, chukueni juu yake na chini yake, mgawanye kwa mbili. Kando ya ofisi ya mwalo wekeni kopo lenye kuta zilizonyooka, mbali na paa na miti, mpime mvua kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha mlimwage. Daftari liwe na safu nne: tarehe, kimo cha ziwa, milimita za mvua, na hasara ya siku hiyo, kwa kilo za dagaa au kwa chombo. Liwe na nakala nyumbani kwa katibu, mahali palipo juu ya alama ya maji.

Mzee wenu,
Mwanza