Barua ya malalamiko kuhusu haki na adhabu katika mchezo wa Chrono Trigger

Dar es Salaam,
Tanzania.

Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni inayomiliki haki za mchezo wa Chrono Trigger,
Japani.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KESI YA CRONO NA ADHABU ZISIZOTANGULIWA NA ONYO

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Naandika nikiwa mteja wenu ninayeupenda mchezo huu wa video, na kwa sababu hiyohiyo nimeshindwa kunyamaza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kulieleza nayo jambo la haki bila kubabaika, na naamini kampuni yenye wateja duniani kote haikosi watafsiri.

Mchezo huu ulitoka Japani mwezi Machi 1995 kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, ukafika Marekani mwezi Agosti mwaka huohuo. Ukauzwa tena kwa PlayStation mwaka 1999 ukiwa umeongezewa vipande vya katuni, ukauzwa tena kwa Nintendo DS mwaka 2008 ukiwa na mapango mapya na uwanja wa kupiganisha mazimwi, kisha ukauzwa kwa kompyuta mwaka 2018. Nayataja matoleo haya mapema ili nisijibiwe kwamba huu ni mchezo wa zamani na kwamba yaliyopita si ndwele. Kitu kinachouzwa upya mara zote hizo kimepata nafasi zote hizo za kurekebishwa, na ninyi mlichagua wenyewe nini cha kuongeza na nini cha kuacha kama kilivyokuwa.

Lalamiko langu ni kwamba mchezo wenu unamhukumu mchezaji kimaadili kwa sheria ambayo haumwambii, unaitumia sheria hiyo mahali pamoja tu na kuisahau kwingine kote, na mwishowe hauiheshimu hata hukumu uliyoitoa wenyewe.

Naanza na tamasha la Milenia, mwaka 1000, pale ufalme wa Guardia unaposherehekea miaka elfu moja. Crono, kijana anayeongozwa na mchezaji, anagongana na msichana aitwaye Marle, wote wawili wanaanguka, na kidani cha msichana kinaruka pembeni. Mchezaji yuko mwanzoni kabisa. Amekwisha kuzoeshwa na mchezo huu, na michezo mingine yote ya aina hii, kwamba kitu kinachong'aa chini kinaokotwa. Anakiokota kidani kwanza, kisha anamwendea msichana. Baadaye mhunzi Melchior anaonyesha kukitamani kidani hicho, na mchezaji anapewa nafasi ya kukubali kukiuza. Mezani kuna chakula cha mchana cha mtu, na ukikigusa Crono anakila na nguvu zake zinarudi, kama zinavyorudi kwa dawa yoyote ndani ya mchezo. Kuna mtoto wa kike aliyepotelewa na paka wake, na paka huyo atakufuata ukimkaribia. Marle anasimama kuchagua peremende, na usipomngoja amalize, huo nao unahesabiwa kuwa utovu wa subira.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloambatana na dalili kwamba linaandikwa mahali fulani. Mchezaji anapita kwenye mlango wa wakati hadi mwaka 600, anamwokoa Malkia Leene, anamrudisha Marle nyumbani kwao salama, na malipo yake ni kukamatwa kwa tuhuma ya kumteka binti mfalme, ambaye ndiye Marle mwenyewe. Hapo ndipo mashahidi wanapoletwa: mzee aliyeliwa chakula chake, mtoto mwenye paka. Wazee wa baraza saba wanapita mmoja mmoja, huyu upande wa hatia, yule upande wa kutokuwa na hatia.

Nakiri bila shaka yoyote kwamba mara ya kwanza mtu anapoliona tukio hili, nywele zinamsimama. Kugundua kwamba jambo dogo ulilolifanya bila kufikiri lilikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo amesimama mbele yako akikunyooshea kidole, ni fundisho ambalo michezo mingi ya miaka ile haikulithubutu. Ndiyo maana kinachofuata kinaniudhi kiasi hiki.

Kinachofuata ni kwamba hukumu haina kazi. Wazee wakimwona Crono ana hatia, anapelekwa gerezani. Wakimwona hana hatia, anapelekwa gerezani vilevile, eti kwa siku tatu, kwa kosa la kutembea na binti mfalme bila ruhusa, na Chansela anamwambia msimamizi wa gereza kwamba mfungwa huyu atauawa baada ya siku hizo tatu. Tofauti anayoiona mchezaji kati ya mwadilifu na mwizi wa chakula ni chupa kadhaa za dawa iitwayo Ether anazoletewa mwadilifu akiwa ndani ya selo. Njia ya kutoka ni ileile kwa wote wawili: ama umwite mlinzi mlangoni na kumpiga, ama ungoje siku ya kukatwa kichwa rafiki yako Lucca aje kukuokoa. Mapambano yale yale na mashine ya vita iitwayo Dragon Tank darajani yanawangoja wote.

Katika Mahakama Kuu ya kwetu Tanzania, jaji hakufungwa na maoni ya wazee wa baraza, lakini alipoyakataa alitarajiwa kueleza kwa nini. Guardia hakuna anayeeleza lolote. Zaidi ya hapo, shahidi anayeujua ukweli wote, yaani Marle mwenyewe, hasikilizwi. Anaingia mahakamani mambo yamekwisha, na baba yake anamnyamazisha mbele ya watu. Crono naye ni mhusika asiyesema. Anaulizwa maswali na kupewa majibu mawili ya kuchagua, na kati ya majibu hayo hakuna linalomruhusu kusema kwamba hakujua kile chakula ni cha mtu.

Najua utetezi mtakaoutoa. Mtasema Chansela yule si Chansela bali ni jini Yakra wa kizazi cha 13 aliyejivika sura yake, na kwamba mahakama iliyooza ilikusudiwa iwe iliyooza. Nalikubali hilo kama hadithi, na ni hadithi nzuri. Lakini jini huyo anafichuliwa baadaye, katika kesi ya mfalme mwenyewe kuhusu lile gamba la upinde wa mvua, hazina ya ukoo wake, na Chansela wa kweli anapatikana akiwa hai. Mfalme anasafishwa jina lake, anapatana na binti yake, na mambo yanatulia. Hukumu ya Crono haifunguliwi upya. Kijana aliyeokoa ukoo wa mfalme anabaki mtoro wa gereza lao, na mchezaji aliyemrudisha paka, akakiacha chakula cha watu na kumngoja Marle achague peremende hapati hata sentensi moja ya kumwambia kwamba baraza lilisema kweli siku ile. Kama uovu wa mahakama ulikuwa sehemu ya hadithi, basi kuponywa kwake nako kulipaswa kuwa sehemu ya hadithi.

Kisha kuna suala la masanduku, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika kasri la Guardia, mwaka 600 na hata mwaka 1000, mchezaji anapanda minarani na kufungua masanduku ya hazina ya ufalme, anachukua kilichomo, na walinzi wanamtazama akipita. Hata siku anapotoroka gerezani anaokota vitu njiani ndani ya jengo lilelile alimohukumiwa. Mahakama iliyomleta mzee ashuhudie kuhusu sahani moja ya chakula haina habari na hazina ya mfalme. Mtoto anayecheza mchezo huu atajifunza nini hapo? Atajifunza kwamba wizi ni kosa pale tu mtunzi wa mchezo alipopata wazo la kuutolea shahidi. Sheria ya namna hiyo inamfundisha mchezaji kumbahatisha mtunzi, na kubahatisha huko hakumfanyi kuwa mwadilifu.

Lalamiko langu la pili linamhusu Lara, mama yake Lucca, na hili naliandika kwa uchungu. Baada ya roboti aitwaye Robo kukaa miaka 400 akiotesha msitu wa mwanamke aitwaye Fiona na wenzake kumpata tena, wanalala kandokando ya moto, na usiku Lucca anapita peke yake kwenye mlango wa wakati hadi mwaka 990. Yumo nyumbani kwao, utotoni mwake. Mama yake amenaswa na mashine ya baba, na mashine inaanza kwenda. Ili isimame inatakiwa kuingizwa neno la siri, ambalo ni jina la mama, kwa kubonyeza vitufe L, A, R, A ndani ya muda mfupi sana. Ukichelewa, Lara anapoteza nguvu za miguu yake, na anaendelea kukaa kitini kama ulivyomkuta tangu mwanzo wa mchezo. Ukiweza, unamkuta akitembea nyumbani mwake mwaka 1000.

Wazo hilo ni miongoni mwa mazuri kabisa katika mchezo wote, maana Lucca aliingia katika elimu ya mashine kwa sababu ya ajali hiyo, na sasa anapewa nafasi ya kuizuia. Lakini mmelitundika juu ya nini? Juu ya wepesi wa vidole. Mchezo umempa mchezaji saa nyingi za kuchagua silaha na dawa kwa utulivu, ni nadra umemdai aingize herufi kwa vitufe, na sasa, bila onyo, unamdai afanye hivyo kwa haraka huku mama wa mtu akipiga kelele. Ukishindwa hakuna jaribio la pili. Kilichobaki ni kurudi kwenye mchezo uliouhifadhi kabla ya usiku ule. Kuna watu wenye ulemavu wa mikono wanaocheza michezo yenu. Kuna watoto ambao hawajaweza kusoma haraka. Hao wote wanaambiwa na mchezo kwamba Lara hatembei kwa sababu yao. Kumbebesha mtu hatia ya kimaadili kwa kosa la mkono ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuliita.

Kuhusu masanduku yanayofunguliwa kwa nguvu ya kidani cha Marle nitasema machache. Ukiyafungua mwaka 600, unayakuta matupu mwaka 1000; ukiyagusa mwaka 600 na kuyaacha bila kuchukua, kilichomo kinakua na kuwa bora zaidi, na unaweza kukichukua mwaka 1000 kisha ukarudi kuchukua na kile cha 600. Kanuni hiyo inapendeza kwa anayeijua. Asiyeijua anapoteza vitu vyema bila kufahamu kwamba amepoteza chochote, na mchezo haumpi njia ya kurekebisha.

Nisingekuwa na haki ya kudai zaidi kama mngekuwa hamwezi zaidi. Lakini mnaweza, na ushahidi umo humohumo ndani. Katika mji wa Porre, mwaka 1000, kuna nyama kavu inayouzwa G 9,900, G ikiwa ni fedha ya mchezo. Mchezaji akiibeba hadi mwaka 600, anamkuta mama mmoja anayeihitaji, na anaulizwa waziwazi kama atamuuzia kwa G 10,000 au atampa bure. Akimuuzia, uzao wake unabaki na uchoyo uleule, na meya wa Porre mwaka 1000 anaendelea kulikatalia jiwe la mwezi ambalo mchezaji analitafuta. Akimpa bure, yule mama anawafundisha wanawe ukarimu, na baada ya miaka 400 meya ni mtu mwingine kabisa, analitoa jiwe kwa moyo mweupe. Hapo mchezaji amejua anachokitoa, amejua bei yake, ameulizwa, amechagua, na ameona matunda. Vivyo hivyo kwa mchawi Magus kule kwenye rasi ya North Cape: mchezo unamuuliza mchezaji kama atapigana naye au atamwacha, huku mwenzao Frog akiwa na kisasi chake cha miaka mingi dhidi yake, na jibu lolote linalotolewa linabadilisha kilichobaki cha safari. Ni kampuni ileile, waandishi walewale, mwaka uleule wa 1995. Kwa nini basi Crono na Lara walinyimwa uangalifu huo?

Kwa hiyo, katika toleo lolote mtakalolitoa baada ya barua hii, naomba hukumu ya wazee wa baraza ipewe uzito unaoonekana, angalau kwa mfalme kuifungua upya kesi ya Crono baada ya Yakra kufichuliwa na kuyataja matendo ya siku ya tamasha yaliyo ya kweli. Naomba pia mashine ya Lara impe mchezaji muda wa kutosha kulisoma na kuliingiza jina lile, au imruhusu kujaribu tena, na chaguo hilo liwepo bila kumpunguzia heshima anayelitumia. Kuhusu masanduku ya kasri, ama yawe na mwenyewe anayedai mali yake, ama mfalme atamke kwamba amewaruhusu waliomwokoa Malkia kuyafungua. Yote haya ni mistari michache ya mazungumzo na saa yenye sekunde chache zaidi, na hayaharibu hata noti moja ya muziki wa Yasunori Mitsuda wala mchoro mmoja wa Akira Toriyama.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu liseme ni lipi kati ya haya mmelikubali, lipi mmelikataa, na kwa sababu gani.

Wenu katika kuupenda mchezo huu,

Mteja na mchezaji,
Dar es Salaam.