VPN kwenye ruta ya nyumbani: tazama kwanza anwani ya laini yako

Wateja wengi wanaotuuliza habari za VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, hawatafuti ile ya kuonekana wako nchi nyingine. Wako Mwanza au Muscat, na wanataka kuona kamera za nyumba yao iliyopo Dar es Salaam. Mara nyingi fundi wa kamera ameshawafungulia mlango kwenye ruta ili kamera zionekane moja kwa moja kutoka intaneti. Mlango huo ufungeni leo. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta vifaa vilivyoachwa wazi, na kamera ambayo bado ina nenosiri la kiwandani haichukui muda kuingiliwa.

Seva ya VPN ikikaa kwenye ruta, simu yako inaingia nyumbani kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo, na kamera hazionekani tena moja kwa moja kutoka intaneti. Sisi tunaweka WireGuard, aina mojawapo ya VPN. Ruta za kampuni ya MikroTik zenye RouterOS 7, programu inayoendesha ruta hizo, zinayo tayari. Ukishaweka programu yake kwenye simu, unaskani msimbo wa QR na kazi imeisha. PPTP, aina ya zamani ya VPN, hatuiweki hata mteja akiomba, maana tangu 2012 ilionyeshwa hadharani jinsi inavyovunjwa.

Kinachokwamisha watu hasa ni laini yenyewe. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya WAN (upande wa ruta unaoelekea intaneti), soma anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha laini yako. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani ya umma: kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na simu yako ikibisha hodi kutoka nje haifiki kwenye ruta yako. Laini za 4G na 5G nyingi ziko hivyo. Hapo hata ununue ruta ya bei gani, yenyewe haikupi anwani ya umma. Omba anwani ya umma kwa kampuni yako, kwa kawaida kwa ada ya mwezi, au tukukodishie seva ndogo nje ya nyumba, yenye anwani ya umma, ruta yako iunganike nayo yenyewe. Anwani ya umma inayobadilikabadilika si tatizo. MikroTik inatoa bure jina la mtandaoni linaloifuata kila inapobadilika.

Kuna jambo jingine dogo linalosumbua: nyumbani ukitumia anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1 na hotelini nako ni 192.168.1, simu inachanganyikiwa. Ya kwako tunaibadilisha mapema.

Kwa walio Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, kwa hiyo fuatilia utaratibu wake kabla hatujaanza.

Ukitaka tukufungie, tutumie kwanza picha ya ukurasa wa WAN na kasi yako ya kupakia. Picha za kamera hutoka nyumbani kwa kasi hiyo, siyo ile kubwa iliyoandikwa kwenye kifurushi.